Kisanduku cha Tarehe Kumi na Saba

Kalenda ya parokia inaning'inia jikoni
kwenye msumari uleule tangu tulipojenga upya.
Kila tarehe ina kisanduku chake, kidogo kama ukucha wa gumba,
na Mama ana kalamu moja tu, ya bluu.
Kumi na saba Januari haandiki kitu.
Anasema wino utakwisha.

Parokia imeshaandika: Antoni, Abate.
Mzee wa jangwani, ana nguruwe,
na moto unamlamba miguu pasipo kumuunguza.
Serikali imeshaandika kwa herufi nyekundu: sikukuu,
kwa ajili ya waziri mkuu aliyepigwa risasi kule Katanga
akabakiza jino.
Mlima nao uliandika, mwaka elfu mbili na mbili,
siku ya Alhamisi, kwa mwandiko wake mpana
kutoka Munigi hadi ziwani,
wala haukuacha nafasi pembeni.

Nilikuwa na miaka tisa.
Nilipewa sufuria: shika hapa, usimwage.
Maharage yalikuwa yamechemka mara moja tu.
Mama alilazwa juu ya chukudu ya jirani yetu Syaghuswa,
amekumbatia tumbo kama mtu anayezuia mlango.
Birere yote ilikuwa barabarani:
godoro, mbuzi, cherehani,
mmoja kabeba dirisha, nyumba yake sijui iko wapi.
Babu Mbusa alibaki. Alisema anatafuta miwani.

Kabla ya mpaka,
nyuma ya vitenge vitatu vilivyoshikwa na wanawake nisiowajua,
ndugu yangu alizaliwa.
Mmoja wao alikuwa mtawa. Akasema, leo ni Antoni.
Shangazi Kasoki akasema, leo ni Moto.
Kwenye cheti yameandikwa yote mawili,
Antoine Moto,
na pa kuandika saa pameachwa wazi.

Akakua akidhani bendera zinapandishwa kwa ajili yake.
Shule inafungwa, redio inapiga wimbo wa taifa,
askari wanapiga saluti.
"Wamejuaje?" aliuliza alipotimiza miaka mitano.
Hatukumjibu. Tulimwachia mwaka mmoja zaidi.

Alipotimiza saba akawa amejua.
Akaja na ombi, kalenda mkononi:
nihamishieni kumi na nane,
pale hapana mtu.

Hatukumhamisha. Asubuhi ni misa.
Mchana tunapanda juu ya jiwe jeusi,
tunapokisia kwamba ndipo paa la Babu lilipo,
chini yetu, mita mbili, labda tatu.
Mama huinama
kama anayesikiliza tumbo la mwenzake.
Jioni ni gato
na mshumaa ambao hakuna anayetaka kuuwasha.
Kiberiti kinazunguka meza nzima
kikirushwa kama lawama.

Sasa Antoine ni mwashi.
Anavunja lava kwa nyundo, anaipakia, anaipima,
kuta za nusu ya mtaa wetu zimepita mikononi mwake.
Sijawahi kumuuliza anavunja nyumba ya nani.
Mwaka juzi, vumbi jeusi bado kwenye kope,
aliuliza yeye:
"Nilizaliwa saa ngapi?
Kabla ya Babu, au baada?"
Mama akaweka kikombe chini.
Siku ile hakuwa na saa. Akanitazama mimi.

Nami ninachokijua ni maharage tu.
Kwamba usiku, upande wa pili, mwanamke wa Gisenyi
alitupisha kwenye mafiga yake,
nikaiinjika sufuria upya,
na kule nyuma anga lilikuwa jekundu hata kivuli changu
kilinitangulia.
Kwamba hatukusubiri yaive.
Tulikula magumu, yakilia menoni,
na wewe ulikuwa unanyonya.

Hiyo si saa, nilimwambia.
Akakaa kimya. Kisha: "Yalikuwa ya rangi gani?"
Ya madoa.
Akachukua kalamu ya bluu ya Mama,
na kwenye kisanduku, kati ya Abate na herufi nyekundu,
palipokuwa na nafasi ya punje,
akachora punje,
akaitia madoa, moja moja,
taratibu, kama mtu anayejaza cheti.